Bi Shemsa Haitiki

Ami Makame,

Barua tulizofundishwa skuli zilianza kwa hali: mimi mzima, sijui wewe mwenzangu. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na mara tatu nimeichana karatasi, kwa sababu nikifika kwenye "sijui wewe" naona kama nakufanyia mzaha, na wewe ulikuwa hupendi mzaha usio na kazi. Kwa hiyo salamu naziruka. Mimi ni Nasra, yule wa nyuma ya ukuta. Nimekaa jikoni kwangu, watoto wamekwenda chuo cha Kurani, mchuzi uko motoni, na nina habari moja kubwa ya kukupa: kipindi chetu cha televisheni kipo. Kituo walitaka kukizika na wewe, kisha wakataka kukifufua kwa namna ambayo ingekuwa mbaya kuliko kukizika, na yote mawili nimeyakataa.

Nianze na siku ya maziko, maana ulikuwepo lakini hukuwa wa kusimulia.

Sisi wanawake tulibaki nyumbani na Bi Asha wako. Wanaume waliporudi makaburini, Othman alikuja mlango wa uani akaniita pembeni. Unamjua Othman, miaka yote ameshika kamera yetu na kuzikata picha zetu, na sijawahi kumwona akikosa la kusema. Siku ile alikuwa anatazama viatu vyake. Aliniambia kwamba ilipofika talkin, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, maalim alipokuita kwa jina lako na jina la mama yako, watu wote kimya, yeye alijikuta anasubiri. Amesimama, pumzi ameizuia, anasubiri. Na hakuwa peke yake, anasema aliona watu wazima wawili watatu wameinua vichwa. Kisha akasema astaghfirullah, akaona haya, akalia palepale mbele ya watu.

Na mimi nikalia. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilijiziba mdomo kwa kanga nikaingia chooni nikajifungia, kwa sababu msiba ulikuwa umejaa ndugu zako wa Chwaka wasionijua, na mtu akicheka msibani inabidi ajieleze. Ningejieleza vipi? Ningesema nini, kwamba walikuwa wakisubiri useme "Naam"?

Nakumbuka siku ile ya mwanzo kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu. Tulikuwa kwenye ua wa ile nyumba ya Malindi, kamera moja, taa moja, na majirani wamekaa kwenye mikeka nyuma ya Othman, wamekatazwa kucheka ili wasiharibu sauti. Wakati huo mwanamke wa heshima zake haonekani kwenye vichekesho. Baba yangu aliiruhusu sauti yangu, uso akaukatalia. Kwa hiyo mimi nikawa jirani asiyeonekana, anayeita kutoka ng'ambo ya ukuta kuazima mbuzi ya kukunia nazi, na wewe, bwana shamba wa Kizimbani, mtu wa kupima karafuu na kuandika ripoti, ukanyoa masharubu, ukavaa gauni na kanga, ukapaka wanja, ukawa Bi Shemsa, bibi wa mjini asiyemwamini mtu na vyombo vyake.

Tulikuwa tumesimama kupisha adhana ya alasiri. Tuliporudi, ulikaa kuchagua mchele kwenye ungo na akili yako ikaenda nao. Nikaita, "Bi Shemsa!" Ulitakiwa uitike "Abee" kwa ile sauti nyembamba ya kike tuliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Ukaitika "Naam!" Sauti nene, ya mtu aliyeitwa kutoka upande wa pili wa shamba. Kanga kichwani, wanja machoni, na ungo mkononi, "Naam!"

Mama mmoja alianguka kutoka kwenye mkeka, sijui mtu anaangukaje kutoka kwenye mkeka. Othman alicheka mpaka kamera ikatikisika, na kwenye kipindi kile ukikitazama leo utaona nyumba nzima inatetemeka. Tulitaka kurudia, na wewe ndiye uliyesema tusirudie. Ukatueleza huku umeona haya kwelikweli: "Mama yangu kule Chwaka, mtoto wa kiume akiitwa akajibu 'Nini?' hapati chakula. Ni naam, tena kwa sauti asikie hata akiwa pwani. Nshavaa gauni, nshapaka wanja, lakini ile adabu ya mama yangu imekataa kuvaa."

Baada ya hapo Unguja nzima ikawa inakuita. Darajani sokoni, mlango wa msikiti, foleni ya hospitali. Wewe umevaa kanzu na kofia, una haraka zako, mtu anapaza sauti tu, "Bi Shemsa!", na mdomo wako unakuponyoka. Nilikuuliza kama hukereki. Ukasema mtu aliyeitwa lazima aitike, awe ameitwa kwa jina lake au la mwenzake.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawalijui, na nataka niliandike kwa sababu waliokuwa wakilijua tulikuwa wawili na sasa nimebaki mmoja. Wiki ya pili ulilirudia kosa kwa makusudi, na hakuna aliyecheka. Majirani walikutazama kwa huruma. Ulikaa barazani umejiinamia, bado umevaa lile gauni, watalii wanapita wanadhani kuna harusi. Kisha ukaniita ukaniambia, "Nasra, kuanzia leo usinambie utaniita wapi. Hata nikikuuliza, usinambie. Hata nikikuapia kwa Mungu, usinambie."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kwenye karatasi zetu hapakuandikwa pahala pa kukuita. Nilikuwa nakutazama kwenye tundu la ukuta, nangoja usahau. Siku nyingine ulikuwa macho mno, umekaa umetega masikio, na mimi nilikaa kimya mpaka ukachoka kunisubiri ukaingia katika mchele wako, au ushonaji wako, au ugomvi wako na paka. Niliujua mgongo wako kuliko uso wako. Mabega yakishuka kidogo tu, naita. Kituo walikuwa wakilalamika kwamba tunachukua siku nzima kupiga picha za nusu saa, wakadhani ni uvivu. Na wewe ulikubali kuitwa mvivu, hukuwaambia.

Mambo mengine yalibadilika, unayajua. Kikaja kicheko cha kubandika. Walileta vicheko vya watu wa ng'ambo, wanaanza pamoja na wananyamaza pamoja, kwa amri. Ulitazama kipindi kizima umekunja mikono, halafu ukauliza, "Nani hawa? Na Kiswahili wamejifunza lini?" Walikibandika mpaka pale Bi Shemsa anapoletewa habari ya kifo cha nduguye. Majirani wa Malindi walikasirika kuliko wewe. Miaka yote wametafuna kanga zao ili wasicheke, na sasa wanaambiwa wanaohitajika kucheka ni wageni. Kisha wanawake wakaanza kuonekana na nyuso zao, na ikawa mwanamume akivaa gauni ni kwa ajili ya kujaza mito kifuani na nyuma, atikisike. Baba yangu mwishoni alilegea mwenyewe, akaniuliza mbona sionekani, na mimi nikabaki nyuma ya ukuta kwa mazoea. Kisha zikaja simu. Nyumba ya Malindi ikawa hoteli, na ule ukuta wangu wameubomoa wakaweka bwawa la kuogelea ambalo mtu mzima akinyoosha miguu amelimaliza.

Sisemi yote ya siku hizi ni mabaya. Kuna vipande vya dakika moja kwenye simu vimenichekesha mpaka nikaunguza chapati. Wewe mwenyewe ulikuwa ukivificha chini ya mto Bi Asha asikuone. Lakini dakika moja haina nafasi ya mtu kusahau kwamba ataitwa.

Presha ilipokuchukua, mkuu wa vipindi alituita mimi na Othman kabla ya arubaini yako. Ni mwanamke wa umri wangu, mpole, amesomea kazi yake, na alilia kwa dhati kabla ya kufungua mafaili. Akasema watu wanampenda Bi Shemsa, kwa hiyo Bi Shemsa atabaki. Amempata mchekeshaji wa kwenye simu, mwanamume ana wafuasi wengi. Akamwingiza. Alikuja na mito yake.

Nitakuwa mkweli: ana kipaji. Anatembea vizuri, mikono yake inasema. Nikaambiwa nimwite. Nikaita, "Bi Shemsa!" Akageuka taratibu, akanyanyua nyusi, akatoa "Naaaam" ndefu, nzito, na Othman akaambiwa pale patawekwa mlio wa chemchemi, booing, halafu kicheko. Watu ofisini walicheka. Mimi nilitazama mabega yake. Hayakushuka hata mara moja. Tangu ameingia mlangoni alikuwa anaisubiri naam yake. Wewe ulikosea, yeye aliigiza kukosea, na sikujua namna ya kumweleza bila kumvunjia heshima, kwa hiyo nilisema tu hapana.

Mkuu akasema sawa, basi tunayo sauti yako. Naam zako zote zimehifadhiwa, za miaka yote. Nitaita, na Othman atabandika. Tena siku hizi, akasema, kompyuta inaweza kukutengenezea maneno mapya kabisa kwa sauti yako, ukaendelea kuzungumza tutakavyo.

Ami, hapo niliyumba. Nisikufiche. Nilitaka. Nilitaka kuita na kuitikiwa, hata na mashine. Nikasema nipeni siku mbili, nikaenda Kiembe Samaki kwa Bi Asha.

Alikuwa katikati ya eda, amekaa kwenye mkeka chumbani, nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Nikamweleza yote, naye akasikiliza bila kunikatiza, na unajua Bi Asha hamsikilizi mtu bila kumkatiza. Nilipomaliza aliniambia, "Nasra mwanangu, mimi miaka yote nikiwa jikoni, nikisikia naam ya mume wangu najua amefika, nnakwenda kumtilia chai. Mkimwita huko televisheni na akaitika, mimi n'tanyanyuka. Unataka ninyanyuke niende nikamtilie nani chai?"

Nilitoka pale nimeshaamua. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kitu kimoja tu: kama huwezi kuitika, na hakuna wa kuitika badala yako, mimi niliyekuwa nikiita nifanye nini? Jibu lilikuwa nyumbani kwangu, Ami. Bi Asha alikuwa amenisindikiza mpaka mlango wa chumba kwa maneno: "Na ile mbuzi yangu uirejeshe! Tangu mmeichukua kwa mambo yenu nakuna nazi kwa majirani." Ile mbuzi ya kwenye kipindi, uliyoichukua jikoni kwake kwa wiki moja. Ilikuwa kwangu, chini ya kitanda, pamoja na gauni lako.

Nikaandika kipindi kipya. Jirani, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona, kwa mara ya kwanza anaonekana. Ni mimi, kwa uso wangu. Amekuja kurejesha mbuzi. Anafika mlangoni kwa Bi Shemsa, anaita. Na Bi Shemsa haitiki. Hafi, hatangazwi, hakuna anayelia. Haitiki tu. Yuko ndani, amekasirika kwa sababu ya mbuzi yake, au amelala, au anasali, jirani hajui. Anaweka mbuzi chini, anaikalia, anaanza kumsemesha mlango. Anamwomba radhi, anamsengenya mpaka anamchokoza: anasema kuna mtu wa Kikwajuni anadai mbuzi ni yake. Anafanya kila analoweza ili aitikiwe. Kila wiki atarudi.

Mkuu wa vipindi alisoma, akacheka, kisha akafika pale nilipoandika: ukimya, sekunde saba, hakuna kicheko, hakuna muziki. Akaivua miwani. "Bi Nasra, ukimya kwenye televisheni ni hitilafu. Mtu atadhani kituo kimekatika. Atabadilisha."

Akanipa sekunde mbili. Nikasema saba. Akasema tatu na kicheko chepesi. Nikamwambia kicheko hata kiwe chepesi vipi, wale watu bado hawajui Kiswahili. Tulivutana kama tuko Darajani mbele ya fungu la samaki changu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake cha wageni na nilikwisha kumwambia kwamba sinyanyuki, na kwamba kama ananitaka nje basi anitoe na kiti. Unajua mimi siko hivyo. Miaka yote nimekaa nyuma ya ukuta, sijawahi kumpandishia mtu sauti isipokuwa wewe, na ulikuwa umeniruhusu. Mwisho akasema, "Tano. Na kipindi kimoja. Ikipigwa simu hata moja kuuliza kama kituo kimekatika, ukimya basi, tunabandika, na yule mwenzetu mwenye mito anaanza wiki inayofuata." Tukapeana mikono.

Tulingoja Bi Asha atoke eda, kisha tukaenda kupiga picha uani kwako. Ndiyo, mlango wako mwenyewe. Bi Asha ndiye aliyesema, mimi nisingethubutu.

Pale Malindi tulikuwa tukipisha adhana. Kiembe Samaki tulipisha adhana na ndege. Hukuwahi kuniambia kwamba ndege zinapita juu ya ua wako mfululizo namna ile. Nilikuwa naita, nanyamaza, nahesabu moja, mbili, tatu, na hapo linakuja dege zima na watalii wake. Mara ya nne jogoo. Mara ya sita hakuna ndege wala jogoo, sekunde tano safi, na Othman akatazama picha akatikisa kichwa. Hakuwa na haja ya kunieleza. Uso wangu ulikuwa unahesabu. Nilikuwa kama yule bwana wa mito, mabega juu.

Jua likawa kali. Nimesimama mlangoni na mbuzi mkononi, ndege nyingine imepita, nangoja mlio wake uishe. Nikawa natazama ule mlango. Bi Asha hajaubadilisha, kuna pale chini ulipopaka rangi kidogo ukachoka. Nikaanza kuwaza kwamba sikuwahi kukwambia ukamalizie. Nikawaza kwamba mbuzi hii nzito, na kwamba Bi Asha leo atakuna nazi yake kwake. Sikuwa nawaza kipindi tena. Na mdomo wangu ukaniponyoka. "Bi Shemsa! Hodi! Nshaleta mbuzi yako!"

Nikasubiri.

Ami, nilisubiri kweli. Nilikuwa nimesahau. Kwa muda ule mfupi hukuwa umekufa, ulikuwa ndani unachagua mchele, na mimi nilikuwa nimekunasa. Niliinamisha kichwa kusikiliza, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye lile tundu. Kisha nikakumbuka. Kisha nikaweka mbuzi chini, nikaikalia, nikasema, "Haya. Mimi sina haraka."

Othman alikuwa hajaizima kamera. Alikuwa anaiendesha tangu ndege ilipopita, hakuniambia. Alisema alitazama mabega yangu. Alipopima baadaye, ukimya ulikuwa sekunde tisa. Hakukata hata moja. Tulipeleka hivyohivyo, na mkuu wa vipindi alifunga mlango akatazama peke yake. Alipotoka aliweka sahihi, macho mekundu, akasema tu, "Simu moja, Bi Nasra. Sijabadilisha neno langu."

Kilirushwa Jumamosi baada ya alasiri. Nilikwenda kutazama kwa Bi Asha. Chumbani wanawake, Othman barazani na wanaume, madirisha wazi kwa joto. Mtaa mzima umefungulia, nikasikia muziki wetu unatoka nyumba hii na ile. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nikishindwa niwe mtu wa kwanza kutoka.

Nikajiona kwenye kioo, mnene kuliko ninavyojidhania, na mbuzi mkononi. Nikajisikia naita. Kisha ukimya. Mtu mmoja akauliza, "Imekatika?" Nilihesabu, moja, mbili. Nilimwona mama mmoja ananyoosha mkono kuchukua rimoti. Tatu. Nne.

Nyumba ya pili, mwanamume akaitika. "Naam!"

Hakupanga. Nilisikia kwenye sauti yake kwamba hakupanga, ilimponyoka, na kicheko cha mkewe kikafuata. Kisha barazani kwetu, Othman, "Naam!", nene mpaka dirisha likalia. Kisha upande wa dukani. Kisha mtoto wa kike mahali fulani, sauti ndogo, "Naam!", na mtu akamkaripia, "Wewe sema abee!" Mtaa ukalipuka. Vilikuwa vicheko vya watu tunaowajua, kila mmoja anaanza kwa wakati wake na kumaliza kwa wakati wake. Nilitaka majirani wa Malindi wasikie.

Nikamtazama Bi Asha. Alikuwa ameshanyanyuka. Amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja kiunoni, machozi yanamtiririka na anacheka, na akasema kwa sauti ili nje nao wasikie, "Nyie! Chai ya mtaa mzima mimi sina!" Kisha akaenda jikoni, akatia. Tulikunywa vikombe kwa zamu.

Simu zilipigwa, ndiyo. Mkuu wa vipindi aliniita Jumatatu na nilikwenda nimevaa baibui langu zuri, tayari kwa vita. Akanisomea karatasi ya mapokezi. Hakuna aliyeuliza kama kituo kimekatika. Mwanamke mmoja wa Makunduchi alipiga kusema, "Mwambieni jirani asiondoke na mbuzi tena, aiache pale pale mlangoni." Wengine wengi waliinua simu wakasema neno moja wakakata. Unalijua neno lenyewe. Yule bwana wa mito amepewa kipindi chake mwenyewe, nimemwambia nitamfundisha kusahau, akadhani namtania.

Mbuzi imerudi jikoni kwa Bi Asha. Tumetafuta nyingine ya kwenye kipindi. Gauni lako nimelifua, nimelipiga pasi, liko kabatini kwangu na sitampa mtu.

Mchuzi wangu unanukia kuungua na watoto watarudi sasa hivi, kwa hiyo naishia hapa. Allah akurehemu, Ami, akupe nafasi na nuru huko uliko, na mama yako awe ameshakupokea na ameridhika na adabu yako. Umeitikia miito yote uliyoitwa. Sasa pumzika, kuitika tuachie sisi.

Mimi nitaendelea kuita. Kila Jumamosi, mbele ya ule mlango, kwa muda wote watakaonipa na hata wasiponipa. Lakini wapi hasa, katikati ya neno gani, wewe ukiwa umeshughulika na nini, hata ukiniuliza, hata ukiniapia kwa Mungu, sikwambii.

Nasra,
yule wa nyuma ya ukuta